Baraza la Matao

Matofali ya zamani yakilowa mvua hutoa harufu ya chungu kipya, na hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Mwishoni mwa miaka ya sitini baba yangu alifundisha katika chuo cha ualimu kilichojengwa na wamishenari juu ya kilima, upande wa Nyamira. Tuliishi humo humo chuoni, katika nyumba yenye bomba la moshi ambalo mama hakuliamini hata siku moja. Majengo yote yalikuwa ya kale: kuta nene, madirisha ya tao, vigae vilivyoota kuvu. Mimi, mtoto wa darasa la pili, nilijiona mwenye mali yote hiyo.

Msimu ule wa mvua mama alijifungua mtoto wa kiume, mdogo mno, akaambiwa asimtoe nje kwenye baridi. Babu, mzazi wa baba, akaja kwa miguu kutoka Magwagwa kumwona. Alikuwa anakohoa vibaya, na sote tulijua safari nyingine kama ile hataiweza. Alifika uani akasimama chini ya mkaratusi, hakusogea tena. Kwetu Wagusii mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo. Baba, pamoja na tai yake na vyeti vyake, hakuthubutu kumwambia aingie. Alizunguka tu uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtoto hawezi kutoka, babu hawezi kuingia, na mawingu yanakuja.

“Sokoro, hii si nyumba ya baba,” nikamwambia, maana ndivyo tulivyomwita babu. “Ni ya chuo. Baba akihamishwa tutaiacha.”

Alinitazama kwa makini, kama mtu anayepima hoja. “Mama yako anapika wapi?”

“Humo ndani.”

“Basi ni yake. Nitafutie paa ambalo mkamwana wangu hapiki chini yake.”

Nikamshika mkono, tukaanza kuyazunguka majengo. Kanisani alivua akala zake mlangoni, akaitazama sana dari ya mbao, akasema ni pazuri lakini ni mbali, mtoto atapigwa na upepo njiani. Bwalo lilinuka maharagwe na lilijaa wanafunzi. Nyumba ya mkuu wa chuo, yenye nguzo za mawe na ngazi pana, aliikataa kabla hatujaifikia: huko nako kuna mke wa mtu. Mnara wa kengele ulimchekesha, akauliza watu waliwezaje kujenga kitu kirefu hivyo kisha wasilale ndani. Niliogopa atachoka arudi zake bila kumshika mtoto. Hata hivyo nilifurahi, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza nikieleza habari za majengo hayo.

Mvua ilitupata karibu na bweni la zamani, tukakimbilia barazani. Ilikuwa njia ndefu iliyoezekwa, yenye matao upande mmoja, iliyojengwa ili wanafunzi waende bwaloni bila kulowa, na ilipita karibu kabisa na mlango wetu wa jikoni. Babu akasimama chini ya tao la mwisho, akatazama huku na huku.

“Hapa anaishi nani?”

“Hakuna. Watu hupita tu.”

Akaketi. Nikakimbia kumwita mama, naye akanikabidhi mtoto mlangoni, amefunikwa blanketi mpaka puani, nami nikamvusha. Babu akampakata, akamtemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyobariki, akamwita Makori, jina la ndugu yake marehemu. Alilia bila kujificha. Baba alisimama pembeni akitazama mvua. Babu hakuja tena. Alifariki kabla ya mavuno.

Siku hizi chuo kina maghorofa ya vioo, na wanafunzi hupigia picha zao pale kwenye matao. Baba sasa ni mzee sana, anaishi Kisii mjini kwa huyo huyo Makori, ghorofa ya tatu, ili awe karibu na hospitali. Daktari ndiye aliyeamua, na hakuna aliyetaja desturi. Mkamwana wake humpikia uji na kumtunza kwa upendo wa kweli, nasi sote tunashukuru. Sebule ina makochi mapana. Lakini kila ninapokwenda humkuta kwenye kigoda mlangoni, miguu yake ikiwa nje. Akiulizwa, husema anapenda hewa.