Unga wa Mbao Kwenye Nywele za Tata

Juzi huko Bugene nilimwona fundi wa mashine ya kupasulia mbao akijikung'uta kichwa mlangoni, na unga wa mbao ukamwagika mabegani mwake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, kule Mabira, mama alinituma msituni nimpelekee baba yetu, Tata, ndizi na maharage. Nilisikia msumeno kabla sijawaona wapasuaji. Gogo la mvule lilikuwa limelazwa juu ya shimo. Mwenzake Tata, Damiani, alisimama juu ya gogo, Tata alikuwa chini shimoni, na msumeno mrefu ulipanda na kushuka kati yao. Harufu ya mvule mbichi iliniwasha koo.

Tata alipotoka shimoni, nywele, nyusi na ndevu zake zilikuwa zimepauka zote. Babu alikuwa na nywele kama zile siku tulipomzika. Nikaangua kilio.

"Tata, umezeeka!"

Damiani alicheka hadi akaketi. "Mpe shikamoo huyo mzee, binti, kisha umrudishe nyumbani. Mimi nataka kijana wa kuvuta naye msumeno!"

"Usilie, mwanangu," alisema Tata huku akikohoa. "Ni unga tu huu. Nikioga utatoka."

Ulitoka kweli jioni ile, nami nikatulia. Kikohozi hakikutoka. Sasa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mtu wa chini shimoni huvuta unga ule kila anapovuta pumzi. Wakati ule nilihofia nywele tu.

Tata tulimzika nywele zake zote zikiwa nyeusi.