Fundi wa Pawpaw Bend Anayesaka Uvundo Bila Pua

Ni asubuhi, theluji haijayeyuka, na miguu miwili yenye buti za mpira imechomoza chini ya nyumba ya Bi. Opal Stidham. Kiwiliwili kimezama gizani, kimelala chali juu ya kipande cha zulia kuukuu. Mwenye miguu anagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi.

"Bi. Opal, sasa je?"

"Inanuka," sauti inajibu kutoka juu.

"Sana au kidogo?"

"Mwanangu, ingekuwa kidogo ningekuita?"

Aliye chini ni Deloris Halcomb, fundi bomba mwenye umri wa miaka 57. Hapa Pawpaw Bend, kitongoji cha nyumba za magurudumu, zile zinazovutwa kwa gari na kuegeshwa, katika milima ya mashariki mwa Kentucky, Marekani, yeye ndiye huitwa nyumba inaponuka na hakuna ajuaye kwa nini. Anajulikana kwa kutokata tamaa. Anajulikana pia kwa jambo jingine: hawezi kunusa kitu chochote.

Zamani alikuwa na pua ya kusifika. Alisimama mlangoni tu akakwambia kama tatizo ni sinki au choo. Kisha, miaka mitatu iliyopita, homa kali ilimlaza. Alipona, pua haikupona. Alitambua hilo siku maharagwe yalipoungua jikoni kwake naye ameketi kando ya jiko akishona soksi. Jirani ndiye aliyekuja mbio kumgongea.

Mafundi wenzake walimtania kwamba amekuwa mbwa wa kuwinda aliyekatwa pua. Aliwacheka, lakini utani ulimchoma. Akaweka vifaa stoo, akaenda kupanga makopo kwenye duka la vyakula.

"Si kazi mbaya," anasema. "Ila haikuwa yangu. Kila niliposikia mtu akilalamika kwamba kwake kunanuka, mikono ilinisumbua."

Hakumaliza mwaka dukani. Alirudi kwenye mabomba na kuanza kujifunza upya, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Anapuliza moshi ndani ya mabomba na kutazama unakotokea. Wakati mwingine anapanda juu ya paa, anamimina mafuta ya nanaa kwenye bomba la kutolea hewa, na kumwacha mwenye nyumba azunguke ndani akinusa. Yeye haingii mpaka zoezi liishe, maana mikono yake tayari imebeba harufu hiyo na itawapoteza.

"Uvundo hauji kwa uchawi," anasema. "Unapita penye tundu na unafuata hewa. Sihitaji pua kufuata hewa."

Nyumba ya Bi. Opal imemtoa jasho. Harufu ilianza majira ya majani kupukutika, baada ya mvua kubwa. Walikuja mafundi wawili kabla yake. Mmoja alimwaga dawa kwenye masinki, mwingine akabadilisha mpira wa chini ya choo. Kila mara uvundo ulipoa siku chache, kisha ukarudi.

Majirani wakachoka. Mwenye kiwanja akatuma neno kwamba harufu isipoisha kabla ya mwezi kwisha, nyumba itavunjwa. Nyumba ni ya Bi. Opal, ardhi si yake, na nyumba kuukuu namna hiyo haivutiki kwenda popote bila kusambaratika. Ndimo alimoishi na marehemu mumewe, Arvil, tangu wakiwa vijana.

Mwanawe, Curtis, anayeishi Ohio, alimsihi aachane nayo ahamie kwake. Bi. Opal, 76, hakukubali.

"Curtis ana nia njema," anasema. "Lakini kwake nitakuwa mgeni mpaka nife."

Siku ya kwanza Deloris alikagua kona za mabomba zinazoshika maji ya kuzuia uvundo, akapanda paani, akapuliza moshi. Ndani ya nyumba hakukuonekana hata chembe ya moshi. Alirudi kwake mikono mitupu.

Siku ya pili hakugusa bomba. Aliketi jikoni, akala mkate wa mahindi, akauliza maswali. Si inanuka wapi, bali inanuka lini. Bi. Opal akafikiri, akasema huzidi kukiwa na baridi, na hasa kesho yake baada ya kufua.

Deloris akamwomba azime mashine ya kupasha nyumba joto. Mama wa watu alishinda na koti na mablanketi mawili, akilalamika kwamba fundi anataka kumuua kwa baridi kabla uvundo haujamuua. Jioni alikiri kwamba harufu imetoweka. Wakaiwasha tena, na uvundo ukapanda moja kwa moja kutoka kwenye matundu ya sakafuni yanayoleta hewa ya moto.

Ndiyo sababu leo fundi yuko chini. Kitu kinavuja huko, na hewa ya moto inabeba uvundo wake juu.

Anatambaa akipapasa plastiki nene inayofunika tumbo la nyumba. Chini ya mashine ya kufulia mkono wake unasimama. Hapo plastiki imening'inia, nzito na baridi. Anaichana kwa kisu. Maji meusi yaliyooza yanamwagika begani kwake na kutapakaa kwenye udongo.

Bi. Opal, aliyekuja mlangoni kuchungulia, anaziba pua kwa aproni na kurudi nyuma.

"Mshukuru Mungu huna pua," anasema.

Deloris anacheka kule chini, huku akitema udongo. Mvua ililainisha ardhi, nyumba ikalala upande mmoja, bomba la mashine ya kufulia likakatika. Kando yake, njia ya hewa ya moto imeachia kwenye kiungo. Anainua upande huo kwa jeki, anaunga bomba, anaziba njia ya hewa, anatoa plastiki na sufi yote ya kuzuia baridi iliyolowa na kuweka mpya.

Alasiri joto linawashwa. Bi. Opal anapita chumba kwa chumba, akiinamia kila tundu. Deloris amesimama uani katika nguo zilizolowa, akimsubiri, maana hana njia nyingine ya kujua.

"Nasikia sabuni," Bi. Opal anasema hatimaye. "Sabuni tu."

Siku mbili baadaye msimamizi aliyetumwa na mwenye kiwanja alikuja, akanusa, akanywa kahawa, akasema nyumba itabaki. Bi. Opal alimpigia Curtis simu na kumwambia aje yeye, kwa chakula cha Jumapili.

Kuhusu pua yake, daktari amemwambia Deloris asikate tamaa. Kila asubuhi, kuizoeza pua, anafungua chupa za kahawa, limau na karafuu, anavuta pumzi, anangoja. Wiki iliyopita karafuu ilimjia kwa mbali, kisha ikaondoka. Alikaa sakafuni akalia.

Lakini hangoji pua irudi ndipo apange maisha. Theluji ikiisha anataka kuzipitia nyumba zote za Pawpaw Bend zilizolala upande kwa mvua, kabla hazijaanza kunuka. Amemwomba Bi. Opal wafanye kazi hiyo pamoja. Bi. Opal alitazama magoti yake mwenyewe, akakubali kwa sharti moja.

"Kutambaa ni kwako," alimwambia. "Mimi nitanusa."