Kura au Kula

Kazi yangu ni kuuliza hospitali zinachaguaje mashine zake, ili wanaoziuza wajue. Naiweza kazi hii. Mtu akinidanganya, namjua kabla hajameza mate.

Kwa hiyo nilishangaa bosi aliponipigia kutoka Nairobi, mimi bado niko Kakamega, akisema nimenasa ufisadi. Watu wa ofisi walikuwa wameandika kutoka kwenye rekodi yangu maneno ya matroni wa hospitali moja hapa mjini, mama anayeogopwa hadi na madaktari. Akanisomea: "Mashine ya oksijeni tunachagua kwa kula. Kila mtu ananyoosha mkono, hata daktari."

"Wanakula mchana kweupe!" bosi akasema. "Bodi yao ndiyo iliyotupa ruhusa ya kuwahoji. Kesho wanasoma ripoti."

Wee! Bodi ikisoma hayo, mama wa watu hana kazi.

"Bosi, alisema kura! Walijaribu mashine mbili wodini, kisha wakapiga kura kwa kunyoosha mikono."

"Nimesikiliza sauti mwenyewe. Ni kula."

"Huyo ni Mluhya, bosi. Hata mimi ni wa huku, mtu wa Lubao. Kwetu L na R hukaa nyumba moja. Ukibisha hodi, yeyote hufungua."

Hakuamini. Nikaenda hadi ofisini kwa matroni, nikamwambia bosi wangu yuko kwenye simu na tuna maswali mawili. Nikaweka simu kwenye spika.

"Matroni, siku ya uchaguzi unaendanga kufanya nini?"

"Si kupiga kula! Swali gani hilo?"

"Na ukirudi nyumbani?"

"Nakuranga obusuma na mboga, narara."

Bosi akacheka mpaka akakohoa. "Nimeshindwa," akasema. "Narekebisha sasa hivi."

Nilipomweleza matroni kilichotokea, hakucheka. Aliketi, akashika meza kwa mikono miwili.

"Yaani miaka yote hii sijagusa cha mtu, halafu ulimi wangu unitoe kazi?"

"Nikiwa hai? Thubutu!"

Akafuta macho, akainuka na kuchukua mkoba wake. "Sasa wewe, mwanangu, twende nyumbani tukure."

Sheria ya kazi yetu haina mchezo: usile cha unayemhoji, watasema majibu yamenunuliwa. Nilikaribishwa obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku mzima wa kienyeji, nikapewa firigisi kama mgeni wa heshima. Nilikula. Na hilo waliandike hivyo hivyo, kwa L.