Maji ya Mvua kwa Watu wa Ziwa

Agizo lenyewe lilikuwa kosa. Kila mtoto alete chupa moja ya maji kutoka mahali kwao wanapochota ya kunywa, na chupa iandikwe jina la boma. Mgeni aliyetuagiza alikuwa kijana wa serikali, mtaalamu wa mambo ya ziwa, ambaye alikuwa akizunguka shule za ufuo wote kufundisha viumbe wa majini. Alipofika kwetu Sindo aliongea Kiswahili cha pwani, laini mpaka tukaona haya kufungua midomo yetu. Nilimpenda papo hapo. Mwalimu wetu alimwamini, lakini nyumbani sikukuta hata mtu mmoja aliyemwamini.

Nyanya aliposikia habari ya jina la boma, aliweka chini samaki aliyekuwa akimpara magamba.

"Kwanza huandika jina," akasema. "Kisha hurudi na askari."

Hakuwa akibuni. Alipokuwa mke mchanga, wazungu walikuja ufuoni hapa kukagua mbung'o, wale nzi wanaoleta malale. Baadaye watu waliamriwa wahame, nyumba zikachomwa nyuma yao. Mtoto wake wa kwanza alizikwa huko ugenini, mahali ambapo nyanya hakuweza tena kupaonyesha, na kwa Wajaluo kumwacha mtu wako katika ardhi isiyo yenu si jambo dogo. Sasa serikali ilikuwa yetu wenyewe, mwalimu alituambia hivyo kila asubuhi. Lakini upande wa Magunga uvumi ulishaanza kwamba watu watahamishwa kuwapisha wanyama wa porini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wa nyanya alikuwa amevaa kofia ya serikali.

Basi akaijaza chupa yangu maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Nikamwambia huo ni uongo.

"Ni maji," akanijibu. "Si wameomba maji?"

Nilikwenda shuleni nimenuna. Nilitaka kuona hao viumbe tulioahidiwa, na nyanya alikuwa amenipa chupa isiyo na kiumbe hata kimoja.

Kijana aliweka hadubini yake juu ya meza, chombo chenye kioo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Akadondosha tone la chupa ya kwanza, akachungulia. Hakuona kitu. Ya pili vilevile. Ya jirani yetu ilikuwa bado vuguvugu, na katika boma lile sijawahi kuona maji yakichemshwa ila ya ugali. Hapo nikaelewa. Kila boma lilikuwa limefanya ujanja wake, tena bila mkutano.

"Jamani, haya maji mmeyatoa wapi?" akauliza. Sasa na yeye alikuwa ameanza kutushuku.

"Ni ya huku kwa ziwa, sir!" tukaitika kwa sauti moja.

Mwalimu akatazama bati la paa. Kijana hakubishana nasi. Aliibeba meza yake mpaka ufuoni, akachota mwenyewe, akaniita nitazame. Nilimwona mdudu mwangavu kama kipande cha kioo, na ndani yake moyo ulikuwa ukidunda. Nilifurahi hadi nikapiga kelele. Ziwa nililoogea maisha yangu yote lilikuwa na mioyo ndani yake!

"Kwenu mnachota wapi, binti?" akaniuliza taratibu.

Furaha ikanitoka. Kwa nini aulize hilo sasa hivi, nikiwa nimelainika?

"Sisi tunachotanga kwa kisima," nikasema.

Sijamaliza kufunga mdomo, nyanya huyo akateremka na mtungi kichwani, akaingia majini mpaka magotini kama alivyofanya kila siku. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akakohoa.

"Shikamoo, bibi," kijana akamwamkia, akamwomba kwa ishara aje atazame.

Nyanya hakujua Kiswahili. Alitua mtungi, akainama, akaweka jicho kwenye kioo. Alikaa hapo muda mrefu, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mdomo wa mtungi. Kisha akasema maneno kwa Kijaluo, na kijana akanigeukia nimfasirie. Mwalimu alinikazia macho niyatie asali. Mimi nilikuwa nimechoshwa na uongo wa siku nzima, wa kwetu na labda na wa kwao, nikafasiri neno kwa neno.

"Anauliza, umetumwa kuangalia hawa wadudu, ama kutuangalia sisi?"

"Mwambie ni hawa tu," kijana akajibu upesi. "Bibi asiwe na wasiwasi. Ni masomo ya watoto."

Nikamwambia. Nyanya alimtazama usoni, bila hasira hata kidogo, kisha akanijibu mimi, nami nikafasiri.

"Anasema hata wale wa kwanza walikuja kuangalia nzi tu."