Neno Nililomgeuzia Mama Zaina

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyoanza kuuogopa mlango wa mahakama. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, nami kijana wa mtaa wa Mabawa, mkalimani wa mahakama. Mama yangu alikuwa Mshambaa wa milimani, nami naijua lugha yake, basi kesi za watu wa milimani zikawa zangu.

Akaletwa mjane mmoja, Mama Zaina, kwa kosa la kukataa kuchimba matuta shambani mwake kama sheria ya kuzuia mmomonyoko ilivyoamuru. Hakimu akamuuliza sababu. Alijibu kwa Kishambaa, bila kutetemeka, kwamba matuta yanafukua udongo mfu na kuua mahindi. Hakuchimba wala hatachimba. Nikamwonea huruma, maana alikuwa rika la mama yangu. Nikamwambia hakimu kwa Kiingereza kuwa bibi huyu alikuwa mgonjwa, na ameahidi kuchimba. Akaachiwa kwa onyo.

Nilijiona mwema, lakini kuanzia hapo niliuogopa mlango wa mahakama. Kila jina la milimani lilipoitwa, nilitazama kwanza kama ni yeye. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Yangu haikufika hata mwezi. Mama Zaina akarudishwa.

Hakimu, uso umemwiva, akauliza kwa nini amevunja ahadi aliyoitoa mahakamani. Nikafasiri, ulimi mzito. Mama Zaina hakumtazama hakimu, alinitazama mimi.

"Mwanangu, mimi niliahidi lini?"

Ningeweza kuligeuza neno tena, na nusura niligeuze. Nikakiri mbele ya watu wote. Kazi yangu iliisha palepale. Yeye akafungwa mwezi mmoja, kwa kukataa kwake, si kwa ahadi niliyomzushia.

Nilimfuata barazani kumwomba radhi, askari akimsubiri.

"Jela nilikwisha kuikubali," alisema. "Nilishuka mlima mzima na neno langu moja, nawe ukaninyang'anya."

Hata leo, nikiombwa kumsemea mtu, moyo hunienda mbio.

Mwanangu, zipo sheria zisizo haki, sikukatazi kuzikataa. Lakini dhamiri yako ikikataa, kataa kwa kinywa chako mwenyewe, hadharani, na adhabu yake uibebe wewe. Usimsemee mwenzio asilolisema, hata kwa kumhurumia. Mola akunyooshee ulimi, akukinge na wema usioweza kusimama bila uongo, na siku utakapoulizwa, akupe kifua cha kujibu. Amina.