Gunia la Moto Juu ya Kabureta

Harufu ya gunia lililopashwa moto hunichefua mpaka leo. Ninyi mliokulia kwenye joto mtanicheka, lakini Makambako mwezi wa saba, enzi za Mwingereza, upepo ulipenya hadi kwenye mifupa, na gari nalo lilipashwa moto kama mtoto mchanga.

Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la miwati. Gari la zamani lilikuwa na choki ya kuvuta kwa mkono, kile kilango kinachobana hewa ili injini baridi iwake. Kila alfajiri mama alipasha gunia kwenye makaa, akalitandika juu ya injini, kisha baba akavuta choki na gari likawaka.

"Bila mimi, Baba Raheli, mzungu wako angetembea kwa miguu!" mama alitamba. Baba alicheka tu.

Kisha likaja gari jipya, ambalo choki yake ilijiendesha yenyewe. Ndani ya kifuniko kidogo pembeni mwa kabureta mlikuwa na springi: ikisikia baridi inaifunga choki, ikisikia joto inaifungua. Mama hakuambiwa. Nani angehangaika kumweleza mwanamke mambo ya kabureta?

Gari halijamaliza hata wiki, na usiku wa kwanza lilipolala kwetu, mdogo wangu Elia akashikwa na kichomi. Kulipopambazuka alikuwa akihema kwa shida, mbavu zinabonyea. Baba alikimbia kwa mzungu kuomba ruhusa ya kumpeleka hospitali Njombe. Huku nyuma mama, kwa mazoea yake, akalitandika gunia la moto juu ya injini na kushusha boneti.

Baba akarudi, akapiga starta. Gari likakohoa, likazima. Akapiga tena na tena, jua likapanda.

"Dereva gani wewe usiyejua gari lako?" mama alilia, Elia mgongoni.

Baba akafungua boneti. Alilitazama lile gunia, akaduwaa. Kisha akalitoa taratibu, akakipepea kile kifuniko kwa kofia yake, akalegeza skrubu na kukizungusha kidogo kidogo mpaka choki ikafunga. Gari likawaka papo hapo. Akampa mama gunia.

"Mfunike mtoto," alisema.

Elia alifariki kabla hatujafika Njombe, akiwa ndani ya gunia lile.

Mama hakusamehe. Mbele ya wageni, mbele ya wazee wa kanisa, alisema baba amemuulia mtoto kwa uzembe. Baba aliinamia sahani yake, akaendelea kula. Nami nilimwamini mama.

Baba alikuwa ameshazikwa siku fundi mmoja wa Njombe alipokuwa akirekebisha choki ya gari la mume wangu. Alikibandika kitambaa cha moto pembeni mwa kabureta, na kilango cha choki kikafunguka mbele ya macho yangu.

"Ukiidanganya hivi asubuhi ya baridi, mama, gari haliwaki ng'o," aliniambia. Nikalikumbuka gunia la mama. Jamani, baba yangu! Miaka yote ile!

Jioni hiyo mama, ambaye sasa nilikuwa nikiishi naye, alianza tena mezani habari za dereva asiyejua gari lake.

"Na gunia nilikuwa nimempashia," alisema. "Ningefanya nini zaidi, Raheli?"

Niliinamia sahani yangu, nikaendelea kula.