Beseni juu ya antena ya Rubondo

Saa moja kasoro asubuhi, kanda ya Rubondo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Godeberthe Mukarukundo anafuta vumbi kwenye sola, anawafukuza mbuzi wa jirani, kisha anaandika kwenye daftari: "Mbuzi watatu. Hawakugusa kitu."

Analinda nguzo ya chuma iliyochimbiwa nyuma ya nyumba yake. Juu yake kuna antena inayopokea mawimbi ya setilaiti na kupima mwendo wa ardhi, hata wa milimita. Vipimo huenda mjini Mbarara, ambako programu ya kompyuta huvitumia kukisia ni nini kimesogea au kuvimba huko chini.

Godeberthe ana miaka 24, na hulipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Aliishia darasa la sita, kwao Fizi, Kivu Kusini. Huko ndiko tetemeko lilikoangusha ukuta wa jiko lao. Mama yake alikuwa ndani, akisonga ugali.

Mwezi wa tatu mwaka huu ilinyesha mvua ya mawe. Godeberthe akapanda kwenye kiti, akaifunika antena kwa beseni la plastiki aliloazima kwa jirani yake Pulchérie, akalifunga kwa kipande cha kitenge. Likakaa siku kumi na tisa.

"Mutoto haachwi kwenye mvua," anasema. "Na ile antena nilikuwa nimeizoea."

Wiki chache baadaye Nehemiya Tumwesigye, fundi wa ile programu, akaja na kompyuta yake. Kwenye kioo, chini ya Rubondo, palikuwa na doa jekundu. Programu iliona nguzo imenyanyuka ghafla milimita kumi na moja, ikahesabu kwamba kuna kitu kinavimba ardhini. Nehemiya akauliza kama kuta za watu zimepata nyufa.

Godeberthe alikumbuka jiko la kwao. Kisha akauliza nguzo ilipanda siku gani. Jumanne, akaambiwa. Ile Jumanne ya mvua ya mawe.

Beseni lilikuwa limesharudi kufulia nguo, na hakuna ambaye angejua. Pulchérie alimvuta kando, akamnong'oneza anyamaze, asije akapoteza kazi.

Godeberthe akaingia ndani, akatoka na daftari.

"Soma hapa, mwalimu. Hapa nilifunika. Hapa nilifunua."

Nehemiya alisoma, akarudia kusoma.

"Nyabo," akasema kwa heshima, "mimi naangalia hii doa wiki mbili, sipati usingizi. Kumbe ni beseni? Plastiki imechelewesha mawimbi ya setilaiti, programu ikadhani nguzo imepanda."

Akakaa kwenye kile kile kiti, akaziondoa siku kumi na tisa, akaiendesha programu upya. Doa likafifia mpaka likaisha. Hakumfukuza. Alipiga picha kila ukurasa wa daftari, akamwagiza aendelee kuandika, na hata mbuzi asiache kuwaandika.

Pulchérie hadi leo anawatambia wanawake kisimani kwamba beseni lake liliinua Rubondo nzima.

Sasa kila Nehemiya anapokuja, Godeberthe anajifunza kuifungua mwenyewe ile picha ya ardhi kwenye kompyuta. Kidole bado kinateleza, lakini ameshaweza kuitafuta Rubondo. Ukimuuliza anatamani nini, anaitazama nguzo kwanza.

"Siku moja wapande ingine kama hii kwetu Fizi," anasema. "Fasi ya kuiweka naijua. Pale jiko lilikuwa."